Jinsi ya kumfuatilia Wilhelmine Schröder-Devrient, mwimbaji ambaye sauti yake haijarekodiwa popote

Wapenzi wa kuimba habari zenu. Wenzangu wa kwaya wameniuliza zaidi ya mara moja yule mama wa Kijerumani ninayemtajataja kila mazoezi ni nani na wanampataje wamsikilize, na jibu langu huwa linawavunja moyo kwasababu hapatikani. Alifariki tarehe 26 Januari 1860 mjini Coburg, na mashine ya Edison ya kunasa sauti ilikuja 1877, yaani miaka 17 baadae, kwahiyo hakuna rekodi, hakuna hata kipande cha sekunde mbili. Lakini anafuatilika, tena vizuri tu. Mi nimemfuatilia miaka kadhaa sasa kwa simu na bando la usiku na nimeshaijua njia, ndo nataka niwaelekeze pole pole hapa.

Njia yenyewe ni kwamba usimtafute kwenye sauti, mtafute kwenye nafasi alizocheza. Huyu alikuwa soprano wa opera lakini kabla ya hapo alikuwa mwigizaji wa jukwaani, na uigizaji haukumtoka mpaka anakufa. Muziki wa nafasi zake upo, unaimbwa hadi leo, na watu waliomwona kwa macho waliandika alifanya nini kwenye neno fulani na noti fulani. Sasa ukiweka muziki mkono huu na maelezo yao mkono huu, mtu anaanza kutokea mbele yako.

Vitu vya kuandaa sio vingi. Simu, hedfoni za waya hata za bei rahisi (spika ya simu inameza besi yote utakosa nusu ya habari), daftari, na libreto, maana yake maneno ya opera nzima. Libreto za kazi hizi zipo bure mtandaoni kwa Kijerumani na tafsiri pembeni, na noti zake zipo IMSLP, tovuti ya noti za muziki, unapakua bila kulipa maana watunzi wote wamekufa zamani sana. Kama unasoma solfa tu kama wengi wetu usihangaike na noti mwanzoni, hangaika na maneno. Ukisikiliza opera bila kujua wanasema nini utasinzia dakika ya kumi alafu useme opera ni kelele, na kwa mtu kama Wilhelmine ukikosa maneno umekosa kila kitu, kwasababu yeye alikuwa anaimba neno kwanza, noti inafuata.

Anzia nyumbani kwao. Alizaliwa Hamburg tarehe 6 Desemba 1804, baba yake Friedrich Schröder alikuwa mwimbaji wa baritoni, mama yake Sophie Schröder alikuwa mwigizaji wa tanzia (michezo ya huzuni) mkubwa kuliko wote Ujerumani wakati ule. Mtoto alianzishwa kwenye dansi, ballet ya watoto, kisha familia ikahamia Vienna mama akiajiriwa kwenye ukumbi wa maigizo wa Burgtheater, na huyu binti akiwa na miaka 15 akapanda jukwaa hilohilo la mama yake kama mwigizaji wa maneno matupu bila muziki, akacheza Aricia kwenye tamthilia ya Phädra, akacheza Ophelia wa Hamlet. Andika hili kwenye daftari na ulipigie mstari. Miguu ilifunzwa na dansi, mdomo ukafunzwa na mama, sauti ndo ikaja mwisho. Waimbaji wengi ni kinyume chake, wanafundishwa sauti miaka kumi alafu siku ya onyesho wanaambiwa sasa fanya na mikono kidogo.

Opera aliingia 20 Januari 1821, ana miaka 16, kama Pamina kwenye Zauberflöte ya Mozart, ukumbi wa Kärntnertor hapohapo Vienna. Msikilize Pamina mara moja, ile aria ya huzuni "Ach, ich fühl's", alafu endelea. Mwaka uliofuata aliimba Agathe kwenye opera ya Freischütz, mtunzi wake Weber mwenyewe akiongoza okestra, hapo pia pita haraka maana panapotakiwa kukaa ni mbele kidogo.

Kaa kwenye Fidelio. Hapa nakuomba utenge wiki mbili, usinione nazidisha. Fidelio ndo opera pekee ya Beethoven na ina mwanamke anaitwa Leonore ambaye mume wake Florestan amefungwa kwenye shimo la gereza na mkubwa mmoja mbaya anaitwa Pizarro, basi yule mama anavaa nguo za kiume, anajiita Fidelio, anaomba kazi kwa mkuu wa walinzi wa gereza, na anashuka mpaka shimoni kusaidia kuchimba kaburi la mume wake mwenyewe bila kujua kwa uhakika kama ni yeye. Kitu cha kuzingatia, Fidelio sio kuimba mwanzo mwisho, kuna sehemu wanaongea kabisa kama mchezo wa kuigiza, na kule shimoni kuna kipande wanaongea okestra ikipiga chini yao. Mwimbaji asiyejua kuongea jukwaani anaumbuka hapo. Sasa mpe nafasi hiyo binti wa Sophie Schröder uone.

Aliiimba tarehe 3 Novemba 1822, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 18. Beethoven alikuwepo. Alikuwa kiziwi kabisa kufikia hapo lakini alitaka aongoze mwenyewe, na kwenye mazoezi mambo yakavurugika, waimbaji huku okestra kule, ikabidi Schindler msaidizi wake amwandikie kwenye daftari kwamba asiendelee, na yule mzee akakimbilia nyumbani. Umlauf akashika uongozi. Siku ya onyesho Beethoven akakaa nyuma ya kiongozi wa okestra, kajifunika koti lake macho tu yanaonekana, na Wilhelmine alisimulia baadae jinsi macho yale yalivyomtia hofu. Hebu fikiria una miaka 17 na mtunzi mwenyewe amekukodolea macho na hasikii hata noti moja, anachoweza ni kukuona tu. Kwahiyo ilibidi aonekane. Mimi naamini (haya ni yangu) kwamba usiku ule ndo ulimfanya awe alivyokuwa, maana msikilizaji wake mkuu alikuwa msikilizaji wa macho.

Zoezi lake lipo hivi. Chukua rekodi ya Klemperer ya 1962, Christa Ludwig ndo Leonore, Jon Vickers ndo Florestan. Nenda tendo la pili, tafuta kwartet (wimbo wa watu wanne) inayoanza Pizarro akisema "Er sterbe!", afe huyu. Fungua libreto. Pizarro anatoa kisu, Leonore anajirusha katikati, anapiga kelele "Töt' erst sein Weib!", muue mke wake kwanza, na hapo ndo wote wanajua Fidelio ni mwanamke. Kisha anatoa bastola. Kisha tarumbeta inalia kutoka nje, waziri amefika. Sikiliza mara ya kwanza na maneno, mara ya pili umefumba macho, mara ya tatu simama chumbani kwako na uende nayo kwa mwili, mkono wa bastola ukiwa mbele. Utagundua mkono unachoka! Wilhelmine naye alichoka, alisema nguvu zilikuwa zinamwishia na hofu ya kushindwa imemjaa, na ule woga wake wa kweli watu wakauona kama woga wa Leonore, na tarumbeta ilipolia akatoa ukelele ambao haukuwa wimbo tena. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Beethoven alikuja kumshukuru, akampigapiga shavuni na kuahidi kumwandikia opera nyingine, ambayo haikuandikwa, yeye akafariki 1827.

Kuna neno moja la kushughulikia peke yake. Leonore anamwambia Pizarro ukitoa sauti moja tu umekufa, na neno la mwisho la Kijerumani ni "tot". Richard Wagner, mtunzi wa opera wa Kijerumani, ameeleza kwamba Wilhelmine neno hilo alikuwa kama haliimbi, analisema, wimbo uko juu kabisa alafu ghafla unaanguka kwenye sauti ya kuongea, na kwamba alichosikia pale hakukisahau maisha yake yote. Ijaribu. Chukua wimbo wowote unaoujua wa kwaya wenye mstari mzito, uimbe vizuri mpaka neno la mwisho, alafu hilo moja liseme. Usilipige kelele na usilinong'one, liseme kama unamwambia mtu aliyesimama hapo mbele. Mara ya kwanza utaona haya, na mwalimu wa kwaya kama wa kwangu atakusimamisha. Mi nilisimamishwa. Nilishawahi pia kuhamishwa mstari wa nyuma kwasababu sauti yangu ni nyembamba haifiki, na nililia siku hiyo, ndo maana huyu mama nilimpenda siku nilipokutana naye, kwa sababu naye lawama za sauti zilimfuata. Alipoenda Dresden 1823 kwenye opera ya mfalme ilibidi akae chini kufundishwa upya na mwalimu wa kwaya ya pale, Miksch, maana alikuwa ameanza kuimba nafasi nzito mapema mno bila msingi. Na Wagner alipoulizwa miaka ya baadae kama kweli alikuwa na sauti kubwa hivyo, akajibu kwamba sauti hakuwa nayo kabisa, ila alijua kuitumia pumzi yake vizuri kiasi kwamba ulikuwa hufikirii habari ya sauti. Nimeisoma sentensi ile mara nyingi sana.

Dresden alikaa mpaka 1847, na katikati akasafiri, Paris 1830, London 1832, akiwapelekea Leonore wake, na kote huko watu waliandika kuhusu uso na mikono kuliko noti. Nafasi nyingine za kutafuta kama una muda ni Donna Anna, Euryanthe, Norma, Desdemona wa Rossini, na Romeo wa Bellini ambaye ni kijana wa kiume anayeimbwa na mwanamke. Huyo Romeo msikilize walau kifo chake, maana ndo aliyemvuruga akili Wagner kijana kule Leipzig 1834. Wagner mwenyewe aliandika kwamba alimwona mara ya kwanza 1829 kama Leonore, lakini waliochunguza hawajapata onyesho hilo na wanaona alichanganya. Mnapofuatilia watu wa zamani mjue hata shahidi mkubwa anachanganya miaka, kwahiyo daftarini kwako andika nani kasema na kasema lini.

Sasa tuache opera kidogo twende kwenye wimbo mmoja wa dakika nne, na hii ndo hatua ninayompa mtu mwenye bando dogo. Schubert aliandika Erlkönig mwaka 1815 akiwa na miaka 18, shairi ni la Goethe. Marafiki zake wakamtumia Goethe nyimbo 1816, zikarudi bila jibu. Mwaka 1830 Wilhelmine akapita Weimar akamuimbia Goethe, mzee wa miaka 80, wimbo huohuo, na inasimuliwa na Genast, mwigizaji wa Weimar, kwamba Goethe alimshika akambusu kwenye paji la uso, akasema alishawahi kuusikia wimbo huu zamani haukumwambia kitu, lakini ukiimbwa hivi wote unakuwa picha moja inayoonekana. Schubert alikuwa ameshakufa 1828. Hakuwahi kujua, na hilo mi huwa linaniuma.

Wimbo una watu wanne ndani ya mdomo mmoja. Msimulizi, baba aliyempandisha mwanae kwenye farasi usiku, mtoto mwenye hofu, na mfalme wa mizimu anayemwita mtoto kwa sauti tamu. Piano mkono wa kulia inagonga noti tatutatu bila kupumzika, ndo farasi huyo. Chukua kalamu nne za rangi, chapisha shairi, piga kila mtu rangi yake. Alafu msikilize Jessye Norman wa Marekani akiuimba, video yake ipo, angalia macho yake yanavyobadilika kabla sauti haijabadilika. Kisha usiimbe, soma tu shairi kwa sauti, hata tafsiri yako mwenyewe ya Kiswahili, watu wanne, na umwombe mtu wa nyumbani akuambie ni nani anaongea bila wewe kumtajia. Dada yangu alishindwa kunitofautishia baba na msimulizi wiki nzima. Nilipoacha kubadilisha sauti nikabadilisha pumzi tu, baba anapumua chini anajikaza, msimulizi hana haraka, akaniambia haya sasa naona. Pumzi, ileile aliyoisema Wagner.

Njoo kwa Wagner mwenyewe sasa. Alifika Dresden na opera zake na mama yetu akamwimbia tatu za mwanzo kuchezwa pale. Tarehe 20 Oktoba 1842 alikuwa Adriano kwenye Rienzi, tena kijana wa kiume, onyesho lilianza saa kumi na mbili jioni likapita saa sita usiku na watu hawakuondoka. Tarehe 2 Januari 1843 alikuwa Senta kwenye Der fliegende Holländer, iliyochezwa mara nne tu ikaondolewa. Na 19 Oktoba 1845 alikuwa Venus kwenye Tannhäuser, ana miaka 40, wakati Elisabeth aliimbwa na Johanna, mtoto wa kaka yake Wagner, wa miaka 19. Kwa muziki, Rienzi unaweza kuruka, ni ndefu. Venus sikiliza mwanzo wa tendo la kwanza. Senta nitarudi kwake.

Maisha yake nje ya jukwaa yaguse ila usizame huko. Aliolewa mara tatu, wa kwanza mwigizaji Karl Devrient ambaye waliachana 1828, wa pili ofisa wa jeshi aliyemmalizia pesa zake alizochuma kwa jasho, wa tatu baron von Bock wa Livonia, kule pwani ya Baltiki. Mei 1849 watu wa Dresden walipoasi alikuwa upande wao waziwazi na ikamletea matatizo na polisi. Na tahadhari moja ya nguvu kabisa, ukitafuta jina lake mtandaoni utakutana na kitabu cha mambo ya chumbani kinachouzwa kama kumbukumbu zake. Kilitoka baada ya yeye kufa na hakuna ushahidi kwamba aliandika hata mstari. Mimi kinanikasirisha, mwanamke amefanya kazi jukwaani tangu utotoni alafu anakumbukwa kwa uongo wa namna hii. Kama unataka maisha yake kutoka kwa aliyemjua, rafiki yake Claire von Glümer aliandika kitabu 1862, kipo kwa Kijerumani na mashine ya tafsiri inakisoma vizuri kiasi.

Alipoacha opera hakuacha kuimba, miaka ya 1850 mwishoni alirudi na nyimbo za piano tu, Schubert, Beethoven, Schumann. Schumann alishamzawadia Dichterliebe ilipochapishwa 1844, jina lake liko kwenye ukurasa wa mbele, nyimbo 16 nusu saa kama unaenda dukani na kurudi. Siku hizi wanaume wameifanya kama yao, Wunderlich yule tena wa Kijerumani anaimba vizuri mno sikatai, lakini Lotte Lehmann aliirekodi 1941 Bruno Walter akipiga piano, anza na huyo. Wimbo wa 7, "Ich grolle nicht", maana yake sina kinyongo, hata moyo ukivunjika. Usiuimbe kama mtu aliyesamehe.

Na ukijaliwa kufika Ujerumani, nenda Bayreuth, nyumba ya Wagner inaitwa Wahnfried, kabla hujaingia inua macho juu ya mlango. Kuna mchoro mkubwa ukutani na mmoja wa wanawake waliochorwa ni Tanzia, na uso wa Tanzia ni wa Wilhelmine. Watu wengi wanaingia ndani moja kwa moja bila kuangalia.

Senta nimemuacha mwisho makusudi. Kwenye tendo la pili Senta anaimba balada ya yule nahodha aliyelaaniwa kuzunguka baharini, inaanza na ukelele "Johohoe!". Wagner aliiandika kwenye A mina (A minor, yaani la iko kwenye A). Wilhelmine kufikia 1843 juu kulikuwa kunamchosha, kwahiyo balada ikashushwa toni nzima mpaka G mina kwa ajili yake, na haikupandishwa tena, mpaka leo sehemu nyingi inaimbwa kwenye ufunguo huo wa Wilhelmine. Kuna rekodi za toleo la mwanzo la 1841 zenye A mina, zitafute, uweke hiyo kwanza kisha ya kawaida. Alafu zima simu. Tafuta A kwenye kinanda, iite la, imba "Johohoe" mara tatu. Shuka kwenye G, iite la, imba tena, na uweke kiganja kifuani uone mtetemo umehamia wapi.